Dola 5 za Ford zilinunua nini?

Januari 5, 1914, Kampuni ya Ford ilitangaza kuwa wafanyakazi wa kiwanda chake cha Highland Park, karibu na Detroit, watalipwa dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla ya hapo walipata takriban dola 2.34 kwa saa 9. Wanaomsifu Henry Ford huuita ukarimu, wanaompinga huuita chambo. Kwa maoni yangu ilikuwa gharama ya kuendesha mtambo, na mtambo wenyewe ndio unaoeleza kwa nini.

Mwaka 1913 fundi mmoja aliunganisha magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche za injini, kwa dakika 20 hivi. Kazi ilipogawanywa hatua 29 na kupangwa kwenye mstari, ikawa dakika 13 na sekunde 10. Meza ziliinuliwa inchi 8 ili watu wasiiname, ikashuka hadi dakika 7. Chasisi, yaani fremu ya gari, iliyokaa mahali pamoja ilikula saa 12 na dakika 28 za kazi; kufikia 1914, ikivutwa kwa mnyororo usawa wa kiuno, ilikuwa saa 1 na dakika 33.

Mnyororo peke yake usingefanya hivyo. Tundu la bolti likikosea kidogo, mtu huchukua tupa, na wote walio nyuma yake husimama. Ndiyo maana Ford alitangulia kununua mashine za kazi moja tu, mojawapo ikitoboa matundu 45 ya bloku ya injini kwa mpigo, kutoka pande nne.

Lakini mtu aliyekaza nati ileile kutwa nzima, kwa mwendo asioupanga yeye, hakukaa. Mwaka 1913 kiwanda kiliajiri zaidi ya watu 52,000 ili kubaki na wapatao 14,000. Kila mgeni alifundishwa upya, na nafasi moja tupu ilichelewesha mstari mzima. Kiwango cha wafanyakazi kuacha kazi na kubadilishwa kwa mwaka, kilichokuwa asilimia 370, kilishuka hadi 54 mwaka 1914 na 16 mwaka 1915. Hapo watetezi wana hoja nzito: fedha zilifanya kazi. Na gari la dola 850 la mwaka 1908 lilishuka chini ya dola 300 katika miaka ya 1920, likawafikia wakulima wasiowahi kuliota.

Hata hivyo, karibu nusu ya dola 5 ilihesabiwa kuwa mgao wa faida, si mshahara. Ulihitaji miezi 6 kazini, kisha mkaguzi wa Idara ya Sosiolojia ya kampuni aje nyumbani kuangalia usafi, akiba, pombe na wapangaji. Wanawake hawakuhesabiwa mpaka 1916. Masharti haya siyatetei: hayakukaza hata nati moja.

Hoja ya wapinzani yenye uzito zaidi ni ya baadaye. Mwaka 1919 kima kilipanda hadi dola 6, lakini kufikia 1920 bei za bidhaa Marekani zilikuwa karibu mara mbili ya zile za 1914. Fidia ikaliwa na bei, kasi ikabaki. Na kiwanda kilipofunguliwa tena mwaka 1921 baada ya kusimama kwa muda, Ford mwenyewe alijivunia kwamba gari lililohitaji wafanyakazi 15 kwa siku sasa lilihitaji 9.