Kuhusu Yule Chui wa Seronera

Naandika mwenyewe kwa sababu rafiki yangu niliyekuwa naye safarini Serengeti ameshaisambaza hadithi hii kwenye magrupu matatu, na kwenye toleo lake eti mimi nililia. Sikulia. Jasho liliingia machoni.

Mnajua nilivyojitangaza. Wiki nzima kabla ya safari nawarushia picha za lenzi ya kukodi, ile ya 100-400 (ukiwa 400 inavuta karibu kabisa, ukiwa 100 unaona eneo pana), na kamfuko ka mchele nilikokashona kwa mkono wangu ka kuegemezea kamera juu ya Land Cruiser. (Mlioniita "profesa wa pori", majina yenu ninayo.)

Sasa, saa saba mchana pale Seronera, ndani ya Serengeti, mpiga picha mwenye akili zake amelala. Jua likiwa utosini ardhi hutoa hewa ya moto, na cha mbali ukikivuta kwa lenzi ndefu kinachezacheza kama kiko ndani ya sufuria inayochemka. Mimi nikakomaa. Na nikaona. Ng'ambo ya mto, kwenye mti mkubwa, tawi nene lenye mabakamabaka, na chini yake mkia. Mnene, unaning'inia, unatikisika polepole kama wa chui aliyeshiba.

"Chui!" Nilinong'ona. Rafiki yangu anasema nilipiga yowe.

Dereva wetu akasita. "Una uhakika, kaka?" Nikamjibu kwamba tabia za wanyama nimezisoma. Maskini, akashika redio.

Yakaja magari kumi na moja. Kuacha barabara pale ni faini, kwa hiyo yakajipanga mstari mmoja, injini zimezimwa, wageni wamesimama na malenzi kama mabomba ya choo. Na kwa kuwa chui ni wangu, nikawa naelekeza: tawi la tatu, kushoto, fuata mkia. Kamera yangu inaenda ka-ka-ka-ka. Mama mmoja wa gari la jirani akanionyesha dole gumba. Dakika ishirini nilikuwa mtu mkubwa.

Nyuma yetu kulikuwa na dereva mmoja mzee, kofia imepauka. Akachukua darubini. Akaangalia. Akaishusha, akaifuta kwa pindo la shati, jicho la kulia, kisha la kushoto, bila haraka yoyote. Akaangalia tena. Mimi moyoni nasema, mzee anafaidi. Akanigeukia, hacheki hata kidogo, kwa sauti ile ya mtu aliyetumwa kuleta habari za msiba:

"Mwanangu, chui wako ana kikonyo."

Sikuelewa. Nikatabasamu, hata nikatikisa kichwa kukubali. Kisha nikairudisha lenzi, kutoka 400 hadi 100, kwa mara ya kwanza tangu tusimame.

Mti mzima ulikuwa unaning'inia mikia.

Mkia kushoto. Mkia kulia. Mikia mitatu pale nilipokuwa nawaonyesha watu kichwa. Ndugu zangu, ulikuwa mwegea, ule mti ambao tunda lake ni kama soseji, urefu nusu mita, uzito wa kilo kadhaa. (Kabla hamjaandika chochote: chui wa Seronera hulala kwenye miegea kweli. Mti niliupatia. Nilikosea mnyama tu.)

Halafu injini zikaanza kuwaka. Moja. Kimya. Ya pili. Sikujua kumbe dizeli huweza kucheka. Mama wa dole gumba akawa anasoma kitabu cha ndege, amekishika juu chini.

Mengine ni mafupi. Dereva wetu hakuongea hadi jioni. Kambini mhudumu ambaye sijawahi kumwona akaniuliza kama nitakula soseji. Getini nimeitwa Mwegea. Lenzi nimerudisha, mchele tumepika.

Picha ninazo, 214, tunda moja. Anayefanya utafiti wa mimea aje inbox.