Kiwango kimoja hadi mwisho, au kibadilike njiani?

Mpishi wa wali hapiki kwa moto uleule mwanzo hadi mwisho. Maji yakikauka hupunguza moto na kupalia makaa juu ya mfuniko. Ndivyo wanavyojenga hoja wale wanaotaka algoriti za mageuko, yaani programu zinazotafuta suluhisho kwa kubadilisha majibu kwa kubahatisha na kubakiza yaliyo bora, zibadilishe parameta zake zenyewe (namba zinazoongoza utafutaji) wakati zinafanya kazi, badala ya kushika namba iliyopangwa kabla, kama kiwango cha mabadiliko (uwezekano wa kila sehemu ya jibu kugeuzwa) cha 0.001 alichopendekeza mtafiti Kenneth De Jong mwaka 1975 na ambacho wengi walikinakili bila kuuliza kilipimwa kwa tatizo gani.

Hoja hiyo ina hesabu nyuma yake. Chukua mfuatano wa biti 100, kila moja ikiwa 0 au 1, ambao alama zake ni idadi ya 1 zilizofuatana tangu mwanzo. Alama zikiwa chache, hakuna kikubwa cha kupoteza, hivyo kugeuza biti nyingi kwa mpigo hakuna hasara. Zikifika 90, kugusa yoyote kati ya hizo ni kuharibu. Watafiti Böttcher, Doerr na Neumann walionyesha mwaka 2010 kwamba kugeuza kila biti kwa uwezekano wa 1/100 muda wote huhitaji takriban majaribio 8,600, kiwango kimoja kilichochaguliwa vizuri zaidi huhitaji 7,700, na kinachopungua kadiri alama zinavyopanda huhitaji 6,800.

Hata hivyo, faida hiyo ya asilimia 12 hivi inatokana na kanuni iliyotungwa na mtu anayelijua tatizo ndani nje, na anayelijua kiasi hicho, kusema kweli, hahitaji algoriti. Asiyelijua hutegemea ishara, kama katika kanuni ya moja ya tano ya mtafiti Ingo Rechenberg: majaribio yanayofaulu yakizidi asilimia 20, hatua (ukubwa wa badiliko) irefushwe, yakipungua, ifupishwe. Ishara hiyo hudanganya pale njia ya kwenda kwenye jibu bora inapokuwa kama ukingo mwembamba wa mlima, ambako majaribio hushindwa kwa sababu ya mwelekeo, si urefu wa hatua. Hatua husinyaa na utafutaji hukwama mbali na kilele.

Kwa hiyo anayetumia algoriti hizi kupanga ratiba ya aina ileile kila wiki, naona atumie siku chache kutafuta kiwango kimoja kizuri na kukiacha. Anayepokea tatizo jipya kila mara aruhusu kiwango kibadilike, lakini akiwekee kikomo cha chini.