Pindo la tandiko: sindano mbili au cherehani?

Mafundi wa matandiko ya farasi wanapobishana kuhusu mshono wa mkono na wa cherehani, hoja ya kwanza huwa nguvu. Kwa pindo, yaani ukanda wa ngozi unaofunika ukingo wa juu wa egemeo la nyuma la tandiko, hoja hiyo inapotosha. Pindo halivutwi sana, linasuguliwa. Mpandaji akipanda au akishuka, nguo zake hupita hapo, na uzi uliojitokeza juu huanza kulika.

Hapo mshono wa mkono una faida ya kweli. Uzi ni mmoja, kila ncha ina sindano yake butu, na zote mbili hupita kila tundu kutoka pande tofauti. Ncha moja ikikatika, ya pili bado imeshika mstari mzima. Cherehani hutumia nyuzi mbili zinazojifunga katikati ya unene wa ngozi. Wa juu ukikatika, wa chini hukosa wa kuung'ang'ania na mishono ya jirani hulegea. Hata hivyo, kusema mshono wa cherehani hufumuka wote mara moja ni kutia chumvi. Uzi wa poliesta uliokazwa sawasawa, fundo zikiwa ndani ya ngozi, hukaa imara muda mrefu. Kwenye mikanda na mishono mirefu iliyonyooka, sioni sababu ya kuikataa mashine.

Tatizo ni umbo. Egemeo limepinda, mara nyingi kiti kimeshafungwa kwenye kiunzi, na mashine nyingi haziwezi kulifikia. Tena, ngozi iliyolowanishwa ili ifuate mpindo hubaki na alama za mguu wa cherehani.

Lakini mkono mbovu ni hasara kuliko mashine nzuri. Ukanda wa unene wa milimita 1.5 hivi hulowanishwa, huvutwa, hugandishwa kwa gundi, kisha husubiriwa mpaka rangi yake ya awali ianze kurudi. Ukitoboa ikiwa bado imeloa sana, uzi unapokazwa hukata ngozi. Maharazi, yaani chuma cha kutobolea ngozi, yenye ncha ya umbo la almasi hushikwa kwa pembe ileile kila mara. Penye unene wa milimita 8, ukiinamisha mkono digrii 5 tu, tundu la nyuma huhama karibu milimita 0.7, na mstari wa nyuma huyumba. Matundu nayo yakisongamana, ngozi huchanika kwa kuyafuata. Mfuatano wa sindano haubadilishwi. Ukiuvuruga, mishono haitalala upande mmoja. Sindano ya pili ikichoma uzi wa kwanza ndani ya tundu, hutaweza kuukaza, kwa hiyo vuta uzi wa kwanza pembeni kabla ya kuipitisha.

Kipimo cha uzi pia huwaponza wengi. Ile kanuni ya kukata uzi mara nne ya urefu wa mstari unaoshonwa inafaa ngozi nyembamba. Kwa unene wa milimita 8 na hatua (umbali wa tundu hadi tundu) ya milimita 3, kila ncha hula milimita 11 kwa mshono mmoja, zote mbili 22: zaidi ya mara saba. Pindo la sentimita 50 linahitaji karibu mita 3.7, mbali na mabaki ya kushikia. Uzi mrefu hivyo huchakaa kwa kuburutwa kwenye matundu, nta ya nyuki uliyoupaka ikiisha njiani. Afadhali vipande viwili, cha pili kikianza juu ya mishono mitatu ya mwisho ya cha kwanza.

Gharama ya mkono ni saa nyingi, na mteja ndiye huzilipa. Kwa pindo naona zinastahili, hasa kwa sababu ya ukarabati. Pindo lililofumuka hushonwa upya kwa kupita matundu yaleyale, na mashine haiwezi kuyalenga moja moja. Itatoboa mapya katikati ya ya zamani na kudhoofisha ukingo. Hata lililoshonwa kwa cherehani, likifumuka, hurekebishwa kwa sindano mbili.