Faini ya Mapaja

Kaka yangu alipopata mchumba Tanga, ukoo ulinipa kazi ya kubeba bahasha ya posa. Ni kazi nyepesi. Unakaa kimya nyuma ya mshenga, ukiitwa unasimama, unakabidhi kwa mikono miwili, unarudi kukaa. Mtoto wa darasa la pili angeiweza. Ila mtoto wa darasa la pili hakushinda jimu Alhamisi jioni.

Kocha wetu pale Kinondoni ana mabega mapana na maneno mengi. Siku hiyo alinisomesha kwamba msuli una kazi moja tu, kuvuta, kusukuma haujui. Ndiyo maana imepangwa miwili miwili: wa mbele ya mkono ukivuta, kiwiko kinakunjika, wa nyuma ukivuta, kinanyooka. Hata ukisukuma gari lililozimika, ndani ya ngozi yako ni kuvuta mtindo mmoja. Nikaitikia kila neno, elimu tamu, naye akanibandika chuma mabegani akaniamuru nichuchumae.

"Panda haraka, shuka taratibu! Taratibu, bwana, unakimbilia wapi?"

Mkasa wote uko kwenye huko kushuka. Unapochuchumaa na mzigo, misuli ya mbele ya paja hukaza ili usidondoke, na papo hapo inarefushwa kwa nguvu, kama kamba ya nanga. Pumzi haikuishii sana kama wakati wa kupanda, kwa hiyo unajiona shujaa. Kumbe nyuzi za ndani zinapata vijeraha visivyoonekana kwa macho. Theodore Hough, mtaalamu wa Marekani, alikwishaandika mwaka 1902 kwamba maumivu yanayokuja siku moja au mbili baada ya zoezi yanatokana na kuchanika ndani ya msuli, lakini jimu nzima bado inaisingizia asidi ya laktiki, ile inayotengenezwa na msuli ukifanya kazi ngumu, ambayo ndani ya saa moja hivi huwa imeshaondoka zake.

Na maumivu yenyewe yana subira. Ijumaa asubuhi niliamka mzima, nikajisifu mbele ya kioo. Jioni mapaja yakaanza kunong'ona. Jumamosi alfajiri, stendi ya Mbezi, yalikuwa yanapiga kelele, na nikapanda basi kwa kujivuta na vyuma vya mlangoni. Chalinze, Segera, Muheza, magoti yamekunjwa tu. Tulipofika Tanga nikashuka kinyumenyume, nimeng'ang'ania mlango, kondakta akaniuliza kama nimesahau mzigo.

Nyumba ilikuwa Ngamiani. Sebuleni mikeka mitupu, kiti hata cha dawa hakuna. Wenzangu walikaa kistaarabu. Mimi nilifika nusu ya safari, mapaja yakakataa, nikatua kwa kishindo vikombe vikalia. Mshenga akatabasamu kwa niaba yangu.

Zikapita shikamoo, hodi za kisomo, mafumbo ya jogoo anayetafuta tetea. Kisha mzee wa nyumba akasema, "Haya, bahasha na ije."

"Simama, mwanangu," mshenga akanigeukia.

Sikusimama. Kuinuka kutoka chini kunataka msuli wa paja unyooshe goti na wa makalio unyooshe nyonga, na wangu wote walikuwa kwenye mgomo.

"Mzee, naomba niipitishe hapa hapa kwa mkono."

Kimya. Mzee akakohoa. "Wageni wetu wanaona uzito kutusimamia. Faini elfu ishirini."

Mshenga akanifinya. Mikono ilikuwa mizima, basi nikaamua itumike hiyo. Nikageuka, nikapiga magoti na viganja, nikainua kiuno, kisha nikaupandisha mwili kwa kuyakwea mapaja yangu mwenyewe, mkono gotini, mkono juu yake. Daktari Mwingereza William Gowers aliieleza njia hii mwaka 1879, alivyowaona wakiinuka watoto wenye ugonjwa wa kudhoofu misuli. Hakueleza makalio yaelekezwe upande gani. Yangu yalikuwa yamemkabili baba wa binti, usawa wa miwani yake.

"Faini ya pili!" akasema mtu pembeni, na watoto dirishani wakaangua kicheko.

Hapo pazia likafunguka, akatokeza bibi wa binti. "Mwacheni mjukuu wangu, hamuoni mapaja yamembana? Huyo katoka kulima."

"Hapana bibi," nikasema, nimeinama bado. "Nilibeba vyuma."

"Vyuma vya kujengea?"

"Vya kubeba tu. Unavinyanyua, halafu unavirudisha chini."

Bibi akalitafakari hilo. "Wanakulipa vizuri?"

"Ninalipa mimi, bibi. Kwa mwezi."

Pazia zima likatikisika. Akina mama nyuma yake walikuwa wanakufa kwa kucheka. Hata mshenga alificha uso kwa kofia. Mzee peke yake hakucheka. Aliniuliza ni shilingi ngapi, nikamtajia, akaomba nirudie. Kisha akavaa miwani vizuri na kuivuta ile karatasi ya mahari.

"Faini zote nimesamehe," akasema. "Sikujua kama ni watu wenye pesa."

Kilemba cha baba kikapanda palepale, na mkaja wa mama ukakifuata. Tofauti hiyo kaka ananidai mpaka leo.