Waacheni wa mtaani waandike majina ya wapagazi

Dar es Salaam ina watu wengi siku hizi wanaofuatilia Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia bila kuwa na shahada ya historia. Ni mafundi simu, makarani wa bandarini, walimu wastaafu, vijana wa bodaboda. Wanapiga picha makaburi ya zamani, wanatumiana kwenye makundi ya WhatsApp, wanabishana hadi usiku wa manane kuhusu nani aliuteka mji gani na mwaka gani. Wasomi wa vyuoni wamewachoka. Wanasema watu hawa hawajui kupima ushahidi, wanachanganya vita na vita, wanasambaza uzushi, na baadhi yao historia ni kisingizio tu, wanachotafuta ni mali ya Mjerumani.

Lawama hizo hazikutoka hewani. Chukua mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Ni kweli nyuki waliwavamia askari wa Uingereza na India waliokuwa wakishambulia mji. Lakini ukiisikia habari hiyo mtaani, utaambiwa Wajerumani waliitega mizinga ya nyuki kwa nyaya makusudi, na anayesimulia ana uhakika kama vile alikuwepo. Halafu kuna rupia, fedha ya koloni la Mjerumani. Mwaka 1916, karakana ya reli pale Tabora ilifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zilikuwepo kweli, na kwa sababu zilikuwepo, kuna watu hadi leo wanafukua misingi ya maboma na hata makaburi wakiamini Mjerumani aliziacha chini. Kaburi lililofukuliwa halirudi kama lilivyokuwa. Katika hilo nasimama na wasomi moja kwa moja: mwenye sururu si mwanahistoria, awe wa mtaani au wa chuoni.

Ila kuwatia kapu moja mchimba mali na mtu anayeandika majina ya wazee wa kijijini kwao ni kuwaonea. Hawa wa pili wamegusa jambo ambalo vitabu vingi vimelipita juu juu.

Tazama nani anayekumbukwa katika vita hivi. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar Septemba 1914, ikajificha delta ya Rufiji, ikazamishwa na mabaharia wake wenyewe Julai 1915 baada ya kupigwa vibaya. Mizinga yake 10 iliopolewa majini, ikakokotwa hadi Dar es Salaam, karakana ya hapa ikaitengenezea magurudumu ili ipigane nchi kavu. Wapenzi wa vita duniani kote wamefuatilia mizinga hiyo mmoja mmoja: huu ulitekwa wapi, ule ulilipuliwa lini. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Sasa uliza majina ya watu walioivuta ile mizinga kutoka Rufiji, ikipita kwenye tope na mchanga. Utapewa neno moja: wapagazi.

Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja kutoka Afrika Mashariki na nchi jirani. Hesabu rasmi ya waliokufa ni kama 95,000, na watafiti wengi wanaiona ndogo. Nataka tusimame kidogo kwenye namba hiyo, maana huwa inasomwa haraka kisha watu wanarudi kwa majenerali. Dar es Salaam ya wakati ule haikufikisha watu 25,000. Chukua mji mzima, wanawake, watoto, wavuvi, wafanyabiashara, maofisa, uufute. Rudia mara ya pili, ya tatu, bado hujafika 95,000. Na hapo hatujawagusa wapagazi wa Mjerumani, ambao hesabu yao haikutunzwa kwa namna ya kuaminika.

Walikufaje? Wachache kwa risasi. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, na njaa yenyewe ilikuwa ndani ya mpango wa vita. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na maksai, kwa hiyo mzigo ukahamia kichwani kwa binadamu. Piga hesabu mwenyewe. Mpagazi anabeba kama kilo 25 za chakula. Anakula, tuseme, kilo moja kwa siku. Kikosi kikiwa mwendo wa siku kumi kutoka ghalani, atakula kilo kumi akienda na kumi akirudi. Atakachofikisha ni kilo tano. Ina maana askari mmoja aliye mbele, ili apate kilo yake ya kila siku, lazima wapagazi wanne wawe njiani muda wote, na hapo hujapakia risasi, hema wala dawa. Mstari wa mbele ukisogea, hesabu inakataa kabisa. Inakubali tu ukipunguza chakula cha mpagazi. Kikapunguzwa, na alichopewa mara nyingi kilikuwa unga wa mahindi usiopikwa ukaiva, kwa watu ambao wengine hawakuzoea kabisa kula mahindi. Kila kilomita ambayo majeshi yalisogea kuelekea kusini, hadi Mahiwa kule Lindi mnamo Oktoba 1917, ililipwa kwa matumbo yao.

Hata ambao hawakubeba mzigo walilipa. Ugogo, Mjerumani alichukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Mwingereza alipofika akachukua vilivyobaki. Mvua nazo zikakosekana. Njaa iliyofuata, ile Wagogo wanayoiita Mtunya, inakadiriwa iliondoka na watu 30,000. Bado ukitafuta habari za vita hivi utasoma zaidi kuhusu von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyejisalimisha Abercorn (leo Mbala, Zambia) Novemba 25, 1918, na sifa yake ya kutoshindwa.

Mji wetu wenyewe umefuata mkumbo huo. Sanamu ya Askari pale Samora iliwekwa mwaka 1927. Anayeonekana ni askari mmoja mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi, kwenye mnara uliochongwa na msanii huyohuyo, mpagazi amesimama pamoja na wenzake wenye bunduki. Hapa tumebakiwa na Kariakoo, kambi yao ya zamani, na wengi wanaopita Mtaa wa Msimbazi na mabegi ya jezi na vitenge hawajawahi kuambiwa nani alilala pale.

Na msomi anayesema tusubiri ushahidi wa maandishi anajua kwamba maandishi yenyewe yana tundu. Mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hiyo haikuwa bahati mbaya ya karatasi kupotea tu. Wakubwa wa wakati ule waliona Mwafrika hahitaji jiwe lenye jina lake. Kumsubiri mtu ndani ya nyaraka ambazo aliachwa nje kwa makusudi ni kumfuta mara ya pili.

Namfahamu fundi simu mmoja wa Kariakoo ambaye ana kaunta buku amelipigia mistari kwa rula. Safu ya kwanza jina la aliyechukuliwa, ya pili kijiji, ya tatu nani alimchukua, ya nne alirudi au hakurudi. Safu ya mwisho anaandika aliyemwambia, na huyo naye aliambiwa na nani. Wateja wanaosubiri kioo kibadilishwe ndio anaowauliza, na wakienda kwao Lindi au Dodoma kwa msiba au likizo anawatuma swali kwa bibi. Ile safu ya mwisho, ya nani alisimulia, ndiyo wasomi wanayodai haipo mtaani. Ipo, nimeiona.

Hapa kuna pingamizi moja zito kuliko la nyuki. Miaka zaidi ya mia imepita, na familia nyingi zimeunganisha Maji Maji, vita vya 1914 na vita vya Hitla kuwa hadithi moja ya babu aliyeondoka. Hilo ni kweli, na daftari la fundi yule bila shaka lina majina ya namna hiyo. Lakini mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji. Walikuwa vijana wanaojifunza kazi, wakaelekezwa cha kuuliza, na walichoandika kinatumika mpaka leo. Maelekezo ya namna hiyo hayahitaji miaka minne ya darasa. Muulize bibi: babu alipelekwa kwa meli hadi Burma? Basi ni vita vya pili. Alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji nyuma ya Mjerumani? Hapo uko mwishoni mwa 1917. Alibeba bunduki au mzigo, na kambini alikula nini? Mhadhiri mmoja akitoa Jumamosi yake moja kwa watu ishirini wenye madaftari, makosa mengi anayoyalalamikia yatarekebishwa kabla hayajafika WhatsApp. Wajukuu waliomsikia mpagazi kwa masikio yao sasa wana miaka themanini na zaidi, kwa hiyo Jumamosi hiyo iwe ya mwaka huu.