Pampu ya Damu kwa Moyo Wenye Chumba Kimoja: Iharakishwe au Isubiriwe?

Mtoto anayezaliwa na moyo ambao chumba kimoja tu kina nguvu ya kusukuma damu huishi, akibahatika kufikishwa kwa wapasuaji kwa wakati, kwa njia iliyotokana na kazi ya daktari mpasuaji Francis Fontan aliyoianza mjini Bordeaux mwaka 1968. Vena kubwa zinazorudisha damu kutoka mwilini huunganishwa na mishipa ya mapafu, na chumba kile kimoja huachiwa kazi ya kuulisha mwili mzima. Kuanzia hapo damu hupita mapafuni bila kusukumwa na chumba chochote. Upasuaji huo umewafikisha maelfu ya watoto utu uzimani, lakini gharama yake hujitokeza taratibu: damu hurundikana kwenye vena, ini huota makovu, tumbo hujaa maji, na wengine hupoteza protini kupitia utumbo. Wanaofikia hali hiyo huhitaji kupandikizwa moyo mwingine, na mioyo inayopatikana haitoshi. Ndiyo maana kuna mjadala kama wawekewe mwilini pampu ya kuisaidia damu kupita mapafuni.

Wanaotaka pampu iharakishwe wanasema, na nadhani ni kweli, kwamba kinachokosekana ni msukumo mdogo sana. Moyo wa kawaida wa mtu mzima husukuma damu mwilini kwa shinikizo la zaidi ya milimita 100 za zebaki, ilhali mzunguko wa Fontan ungepata nafuu kwa kuongezewa milimita chache tu. Pampu za watu wazima zimeundwa kwa kazi ile nzito, na zikiwekwa upande wa vena zinaweza kuzinyonya kuta laini za mishipa mpaka zikaziba. Ndiyo maana Mark Rodefeld na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana walibuni kisahani kinachozunguka pale vena zinapokutana na mishipa ya mapafu, kikiipeleka damu pande zote mbili kwa pamoja. Sifa yake ninayoithamini kuliko zote ni kwamba hata kikisimama, damu inaendelea kupita.

Wanaosita nao wana ushahidi mzito. Pampu ya watoto ya Berlin Heart, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011, ilijaribiwa kwa watoto 48. Walinusurika zaidi kuliko waliotegemea ECMO, mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu nje ya mwili, lakini asilimia 29 walipata kiharusi. HVAD, pampu nyingine ya kusaidia moyo iliyopendwa kwa udogo wake, iliondolewa sokoni na kampuni ya Medtronic mwezi Juni 2021. Wagonjwa wa Fontan tayari wana hatari ya damu kuganda, na ini lililochoka hufanya dawa za kuzuia kuganda kuwa ngumu kuzipima.

Kwangu mimi, ugumu mkubwa ni kuamua wakati wa kuweka pampu. Ikiwekwa mapema, anayehatarishwa ni kijana ambaye bado anakwenda shule kwa miguu yake. Ikichelewa, ini linaweza kuwa limeharibika kiasi ambacho pampu haiwezi kulirudisha. Kwa hiyo naona pampu ianze kwa waliokwisha kudhoofika na wanaosubiri moyo, tena kwa fedha za umma, kwa kuwa wagonjwa ni wachache mno kuvutia kampuni. Marekani ilitoa mikataba kwa vikundi vitano vya pampu za watoto mwaka 2004, na miaka mingi baadaye pampu ya Jarvik ya watoto wadogo ilikuwa bado kwenye majaribio. Majaribio ya pampu ya Fontan yasihesabu walionusurika peke yao. Yapime pia shinikizo la vena na hali ya ini, maana huko ndiko ugonjwa wenyewe unakoanzia.