Begi lisizidi kilo 23

Jamani mwenzenu nimesafiri na begi limelegea kama puto la juzi, nguo za maana zote nimeziacha kitandani, na kisa chenyewe ni herufi mbili tu. lb. Viherufi vidogo kama chawa, vimejibanza pembeni ya kioo cha mzani, nani anavitazama?

Iko hivi. Tiketi imeandikwa begi lisizidi kilo 23. Mimi mtu wa kufuata sheria, nikatoa kile kimzani cha mkononi chenye ndoano, nikaning'iniza begi, nikanyanyua mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kuangalia namba, 48! Nikakaa chini. Arobaini na nane si mara mbili na chenji inabaki? Haya, tuanze kupunguza. Viatu nje. Koti nje. Jinzi mbili nje, napima 39. Zawadi za watu nje, 31, mama watoto kasimama mlangoni kakunja mikono ananiangalia tu, mwisho akashindwa, "Baba watoto, hivi huko unapeleka nini, hewa?" Nikamwambia we niache, sheria ni sheria. Nikafika 23 kamili, roho ikatulia, begi likabaki na mashati, taulo na chaja.

Kule kaunta dada kaliweka kwenye mzani wao: 10.4. Akanitazama, akalitazama begi. "Kaka, mzigo mwingine uko wapi?"

Ndo najua hapo kwamba kile kimzani kilikuwa kinaongea paundi muda wote. Yaani ile 48 iliyonikalisha chini ilikuwa kilo 21.8, begi lilikuwa halali tangu mwanzo, ningefunga zipu nikalale zangu!

Na hiyo lb yenyewe sasa, neno ni paundi halafu mtu anaandika L na B, hata P ya kusingizia hamna. Kumbe ni kilatini, libra, maana yake mizani. Sawa, Warumi wamekwenda zao, sisi tumeachiwa deni. Wazee walikuwa wanaita ratili, angalau hiyo ukiitaja hakuna anayedhani unaongelea hela.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Paundi moja ni kilo 0.45359237. Hesabu tarakimu hizo, nane baada ya nukta, na ni nchi sita zilikubaliana mwaka 1959, Marekani na Uingereza zikiwemo, kwamba hiyo ndo paundi rasmi. Maana yake paundi haina hata kwao, imepanga chumba kwa kilo. Sasa kama kujieleza kwenyewe mpaka ukaazime kilo, si tutumie kilo tu tujue moja?

Shemeji yangu kanifundisha njia ya mkato, paundi zako gawanya kwa mbili halafu toa sehemu ya kumi. 48 gawa mbili 24, toa 2.4, inabaki 21.6. Gramu mia na kitu zimepotelea njiani ila tunasamehe. Ukitaka kurudi, kilo zidisha mbili ongeza sehemu ya kumi. Imekaa vizuri sana, tatizo kanifundisha nimesharudi safari.

Basi nafika nyumbani nimechoka, napanda mzani wa bafuni nione safari imenikondesha kiasi gani, unaniandikia 13:5. Nikajua ni saa. Saa saba na dakika tano, nikasema mbona nje giza? Kumbe mtoto kageuza akabonyeza kitufe cha chini, mzani umehamia kwenye stone, ile Waingereza wanayojipimia miili. Stone moja paundi 14. Paundi moja aunsi 16. Kumi na nne, kumi na sita, hakuna hata kumi moja njiani ya kupumzikia akili! Na hapo sijagusa dhahabu, maana aunsi ya dhahabu ni gramu 31.1 wakati ya vitu vingine ni 28.35, ila paundi ya dhahabu ina aunsi 12 tu, kwa hiyo paundi ya manyoya inaizidi uzito paundi ya dhahabu lakini aunsi ya manyoya inazidiwa na ya dhahabu. Soma tena taratibu. Mi nilisoma mara nne nikaenda kunywa maji. Tani nazo ziko tatu, ya kilo 1,000, ya Marekani ya 907 na ya kiingereza ya 1,016, sitaki hata kuziongelea.

Mama watoto kanicheka wiki nzima, nikamtafutia ushahidi. Mwaka 1983 Kanada, ndege Boeing 767 ilitakiwa iruke na kilo 22,300 za mafuta. Waliopiga hesabu wakazidisha lita kwa 1.77, ambayo ni paundi za kila lita, badala ya 0.8 ambayo ndo kilo. Ikaruka na mafuta hayafiki nusu. Ikiwa futi 41,000 juu huko mafuta yakaanza kuisha, injini zikazima moja baada ya nyingine, rubani akaiteremsha inaelea tu kama tiara mpaka Gimli, kiwanja cha zamani cha jeshi la anga, na hakufa mtu.

"Unaona?" nikamwambia, "kosa lile lile! Kasoma paundi akadhani kilo, na hao ni wataalamu."

Akafikiria kidogo. "Wenzio walikuwa wanarusha ndege. Wewe ulikuwa unatoa soksi."

Sina la kujibu. Nimeenda bafuni, kitufe nimekiona, nikabonyeza mpaka mzani ukarudi kwenye kilo, nikapanda. 84.8. Nikautazama. Nikashuka, nikabonyeza tena mpaka 13:5.

Na asiuguse mtu.